Trei za mayai, godoro na gitaa la mjomba

Trei zilikuwa 86. Nilizikusanya kwa miezi minne kutoka kwa kijana anayekaanga chipsi pale kona ya mtaa wetu, Mbagala, na wateja wake walipomuuliza zinakwenda wapi aliwajibu kwamba kuna jamaa anafungua studio. Nilizibandika kwa gundi ya mbao ukuta mzima, kuanzia sakafuni hadi kwenye siling bodi, nikiamini zitasafisha sauti ya rekodi. Jirani alikuja kuchungulia mlangoni, akacheka, akaondoka bila kusema neno.

Usiku uleule nikarekodi. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza, nikavua, nikavaa tena. Ilikuwa sauti ileile ya jana, ya mtu anayeimba akiwa ameingiza kichwa kwenye pipa. Kilichobadilika kilianza kuonekana wiki ya tatu, nacho ni mende. Karatasi ya trei ina harufu ya yai, na gundi nayo ina utamu wake. Nilizibandua zote Jumapili moja, rangi ya ukuta ikabanduka nazo, na mpaka leo mama mwenye nyumba ananikumbusha.

Naeleza haya kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi anahesabu trei zake. Ndugu yangu, acha. Trei ni karatasi nyepesi. Inapunguza kidogo sana zile sauti za juu kabisa, haigusi mvumo wa chini, na haizuii kelele ya bodaboda kuingia wala kelele yako kutoka. Vyumba vya picha za mtandaoni ambavyo kuta zake zinafanana na trei vimefunikwa sponji nene au vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kinachofanana ni umbo tu.

Mimi si prodyuza. Mchana natengeneza simu Kariakoo. Kilichoniingiza kwenye mambo ya maiki ni mjomba wangu wa Tanga, mzee wa miaka 71, ambaye ujanani alipiga gitaa katika bendi ya dansi kabla hajaajiriwa. Sasa kila baada ya miezi kadhaa anakuja Dar kliniki ya macho, analala kwangu, na jioni anakaa ukingoni mwa kitanda na gitaa lake kavu, lisilotumia umeme, anapiga kwa vidole viwili, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikijibu huku chini. Anaimba polepole, nusu anaongea. Nyimbo zake mwenyewe ziko 11. Hakuna hata moja iliyowahi kurekodiwa.

Nilipata saundi kadi ya mkono wa pili, kile kifaa cha kuunganisha maiki na laptopu, na maiki moja ya kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo. Nikaangalia video kama ishirini. Zote ziliniambia jambo moja: rekodi gitaa kwanza, halafu sauti juu yake, ili kila kitu uweze kukishughulikia peke yake. Basi nikamvisha mzee hedifoni, nikamwashia metronomu ya kumhesabia mapigo, tik, tik, tik, nikamwambia, "Mjomba, piga gitaa tu, usiimbe."

Akanitazama.

"Sasa nitajuaje nimefika wapi?"

Alijitahidi. Alipiga huku midomo ikicheza bila kutoa sauti. Kesho yake akaimba juu ya gitaa lake mwenyewe, mikono ikiwa mapajani haijui pa kwenda. Vipimo vyote vilikuwa safi. Nikamsikilizisha, akaitikia kwa kichwa hadi mwisho, kwa adabu, kisha akasema: "Mwanangu, hapa wali umeuleta jana na mchuzi umeuleta leo."

Alikuwa sahihi, na sababu yake inaonekana hata kwenye skrini. Mtu anayepiga na kuimba kwa pamoja hupunguza mkono bila kujijua anapofika kwenye neno zito. Mjomba akitaka kuvuta pumzi, gumba lake humsubiri. Mwisho wa beti mwendo hulegea kidogo, kisha hushika tena. Metronomu iliua yote hayo. Gitaa likawa na mwendo wake, sauti ikawa mgeni anayeomba kupita.

Kwa hiyo tukakubaliana kwamba atapiga na kuimba kwa pamoja, bila hedifoni, na taabu zote zitakuwa juu yangu. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Chumba changu ni futi 10 kwa 10, kama vyumba vingi vya kupanga. Nilikuwa namkalisha mjomba katikati kabisa, nikiamini kwamba mbali na kila ukuta ndiyo salama. Lakini kila alipogusa uzi wa tano bila kuubana, chumba kizima kilivuma, "buuuum", na kwenye rekodi uzi ule ulifunika maneno. Nilimlaumu mzee kimoyomoyo kwamba gumba lake zito. Nililaumu gitaa. Baadaye nikachukua kikokotoo.

Sauti kwenye joto letu husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ukuta hadi ukuta kwangu ni kama mita 3.05. Mawimbi yanayotoshea sawasawa kati ya kuta mbili hujijaza yenyewe, yanagonga huku na kurudi yakiongezana nguvu. La kwanza kwa chumba cha ukubwa huu liko kwenye hezi 57 hivi, yaani mitikisiko 57 kwa sekunde. La pili ni mara mbili yake, karibu 115. Uzi wa tano wa gitaa, ukiachwa wazi, unapiga hezi 110. Na tundu la gitaa lenyewe, ile hewa iliyomo tumboni mwake, kwa magitaa mengi huvuma zaidi karibu na hezi 100 hizohizo. Juu ya hayo chumba changu ni mraba, kwa hiyo upana na urefu vinavuma kwa namba moja. Na katikati kabisa ya chumba, pale nilipokuwa nimemkalisha mzee pamoja na maiki, wimbi la 57 hufifia lakini la 115 ndipo linapojaa. Nilikuwa nimechagua mahali pabaya kuliko pote.

Dawa haikuwa ya kununua. Wimbi lile la pili hufifia robo ya njia kutoka ukutani, kwangu kama sentimita 76, na kwa kuwa chumba ni mraba ilibidi iwe hivyo kwa upana na kwa urefu. Nilimwomba mjomba apige uzi ule mmoja, dung, dung, dung, nami nikawa nasogeza kiti na maiki kidogokidogo kuelekea kona ya dirishani, hedifoni masikioni. Kuna mahali, kama hatua mbili fupi kutoka katikati, mvumo ulikatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Uzi wa tano ukawa sawa na wenzake. Nikachora alama nne za chaki sakafuni, moja kwa kila mguu wa kiti. Mjomba akauliza kama tunapima kaburi.

Godoro lilifanya kazi nyingine. Ukipiga kofi kwenye chumba kitupu chenye sakafu ya saruji utasikia mlio mdogo kama wa chemchemi ya chuma, "tring'". Mlio huo ndio unaoipa rekodi ya nyumbani ile harufu ya bafuni. Godoro zito la sponji likisimamishwa linaunyonya vizuri sana. Wengi hulisimamisha nyuma ya maiki. Mimi pia nilianza hivyo, mpaka nilipofikiri maiki inatazama wapi. Maiki yangu husikia zaidi mbele yake, na mbele yake yuko mzee, na nyuma ya mzee uko ukuta. Mwangwi unaoingia vibaya unatoka nyuma ya mwimbaji. Nikalihamishia godoro mgongoni kwake, mablanketi mawili nikayatundika kwenye mlango wa kabati ulioachwa wazi, na kanga za mke wangu nikazirudisha sandukuni maana hazikuwa na msaada. Kitambaa chepesi kilichobanana na ukuta kinapunguza makali ya juu tu, kisha chumba kinabaki na mvumo peke yake, kikizidi kuwa kizito.

Na meza! Laptopu nilikuwa nimeiweka kwenye meza mbele ya mzee, maiki ikiwa juu yake. Sauti ya mdomo ilifika kwenye maiki moja kwa moja, halafu ikafika tena ikitoka kugonga meza, imechelewa kama milisekunde moja. Milisekunde moja ni sentimita 35 tu za safari, lakini zinatosha: sauti mbili zinazofanana zikipishana hivyo hufutana kwenye hezi 500, kwenye 1500, kwenye 2500 na kuendelea, na sauti ya mtu inatoka kama inapita kwenye bomba. Nikaitoa meza nje ya chumba. Laptopu sasa inakaa kitandani, kwenye chaga.

Sasa maiki. Kosa la kila anayeanza ni kuielekeza kwenye tundu la gitaa, kwa sababu tundu linaonekana kama mdomo. Pale unapata mvumo, si gitaa. Sikio lako likisogea kuelekea shingo, pale ilipo freti ya 12, yaani kile kichuma cha 12 kilichokatiza shingo, utasikia nyuzi, mbao na vidole vikiwa pamoja. Umbali wa sentimita 25 hadi 30 unatosha kwa gitaa peke yake. Njia niliyoiamini kuliko video zote ni kuziba sikio moja, kuinama, na kuzungusha kichwa mbele ya mzee huku akipiga, mpaka nipate mahali panaponifurahisha. Kisha maiki inakaa pale sikio lilipokuwa. Mjomba hakupenda. Alisema ninamnusa.

Lakini sisi tulikuwa na gitaa na sauti, na maiki moja. Hapo nilimkumbuka Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, ambaye mjomba humtaja kila anapokosea ili kujifariji kwamba hata angejitahidi asingemfikia. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi. Hapakuwa na sauti za kuongezea juu wala rekodi nane za pembeni za kuchanganya baadaye. Palikuwa na mpigaji, gitaa, na Tracey aliyezoea kushika maiki mkononi na kuisogeza kufuata muziki. Rekodi zake zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ya ILAM, na ukisikiliza zile za Mwenda unasikia gumba, kidole na koo vikiwa kwenye kifua kimoja. Uwiano wa sauti na gitaa ulipangwa kwa umbali wa maiki tu.

Nikaiga. Maiki moja, sentimita 50 mbele ya kifua, usawa wa kati ya mdomo na freti ya 12. Mjomba anaimba chini na kupiga kwa nguvu, hivyo gitaa lilimmeza. Nikapandisha maiki sentimita 10, nikaiinamisha ielekee kidevuni. Bora. Nikapandisha nyingine 5. Hapo. Ukilizidisha pengo kati ya maiki na chanzo cha sauti mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja inashuka karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo sentimita chache zinafanya kazi ambayo ukiikosea hapa huwezi kuirekebisha baadaye kwa kitufe chochote.

Baadaye shemeji yangu aliniazima maiki yenye swichi, ambayo ukiiweka kwenye alama ya nane husikia mbele na nyuma, lakini ubavuni ni kiziwi kabisa. Hii ni mali. Unaisimamisha mbele ya mdomo, ubavu wake ukiutazamisha kwenye gitaa, na gitaa linapungua ndani yake kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Maiki yangu ya zamani ikashuka kwenye shingo ya gitaa, mgongo wake ukiwa umeelekea mdomoni. Nikawa na uwezo wa kuongeza sauti ya mzee kidogo bila kuongeza gitaa. Tatizo la maiki mbili ni kwamba zote zinasikia kila kitu kwa nyakati tofauti, na zikichanganywa gitaa linaweza kukonda ghafla, besi yote ikayeyuka. Kuna kitufe cha kugeuza wimbi juu chini. Bonyeza, sikiliza kwa spika moja, chagua upande ulionona, na usiporidhika sogeza maiki moja sentimita 5, ujaribu tena. Nilifanya hivyo usiku mzima. Kati ya nyimbo 11, hatimaye tatu ndizo nilizorekodi kwa maiki mbili. Nane ni za maiki moja, na nane hizo ndizo ninazozisikiliza.

Jambo la herufi P halimo kwenye video zozote nilizotazama. Mjomba alilelewa na bibi mzaliwa wa Mombasa, na Kimvita chake bado kinatenganisha paa wa mwituni na paa la nyumba kwa pumzi: mnyama hutamkwa kwa kusukuma hewa, la nyumba hutamkwa kavu. Mimi mtu wa Dar yote mawili nayasema sawa. Maiki ilimsikia vizuri kuliko mimi. Kwenye wimbo wenye neno "pepo" mara nne, kila alipotaja pepo za baharini ilikuwa kama mtu amepiga teke boksi. Soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye waya wa henga ilipunguza nusu. Nusu iliyobaki iliisha nilipoisogeza maiki pembeni kidogo ya mdomo, ikimtazama lakini isisimame kwenye njia ya pumzi. Hewa hutoka mbele moja kwa moja, sauti husambaa.

Mguu wake nao. Anapiga sakafu kwa kisigino, hawezi kuacha, na sikumwomba aache. Ngurumo ilipanda kupitia stendi. Nilikata malapa mabovu vipande vitatu, nikaviweka chini ya miguu ya stendi, na mkeka uliokunjwa chini ya mguu wa mzee.

Kelele za mtaa hazina dawa ila saa. Mbagala inalala kati ya saa saba na saa kumi usiku, na hapo katikati kuna mbwa. Tulizima friji, nikaandika karatasi na kuibandika mlangoni ili nisisahau kuiwasha, maana nilishawahi kusahau na samaki wakanilaumu kwa harufu. Feni tulizima, jasho likatutoka. Kulikuwa na mvumo mwembamba nilioufikiria ni wa taa, kumbe ni chaja ya laptopu: nilipoichomoa na kubaki na betri, kimya kikashuka. Kuhusu maiki ya dainamiki, ile ya jukwaani, kwamba haisikii kelele, hiyo ni hekaya. Mtu huiweka mdomoni, sauti yake inakuwa kubwa kuliko kelele, basi. Isogeze hadi sentimita 50 uone kama haisikii mbwa.

Kiwango cha kurekodia kilinisumbua kwa ujinga wangu. Nilitaka mawimbi yajae skrini. Ukirekodi kwa biti 24 hakuna haja hiyo. Vilele vikifika desibeli hasi 12, hata hasi 15, chini ya kikomo cha sifuri, kuna nafasi tele, na mzee akipandwa na moyo kwenye kiitikio sauti haitapasuka. Iliyopasuka haishoneki.

Kwenye kuchanganya sina mengi. Nilikata kila kilichokuwa chini ya hezi 70, nikapunguza kidogo karibu na 200 pale gitaa linapogombana na kifua cha mwimbaji, nikaweka mwangwi mdogo wa kutengeneza, kisha nikaupunguza nusu, kisha nusu tena. Nilisikiliza kwenye simu, kwa sababu huko ndiko watu watakakosikiliza. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Faili linafika kama lilivyo, halifinywi.

Nyuzi nilizibadilisha siku mbili kabla, zile za zamani zilikuwa na kutu ya Tanga. Unyevu wa pwani hauzipi nyuzi maisha marefu. Mpya kabisa hulia kama bati na kulegea kila dakika, ndiyo maana nilizipa siku mbili zitulie.

Wiki iliyopita nilimtumia mjomba nyimbo zote. Alikaa siku tatu bila kunijibu. Siku ya nne akapiga simu, tukasalimiana, akauliza watoto, akauliza mama mwenye nyumba, kisha akauliza:

"Kwenye ule wa sita, nani anakohoa?"

Ni mimi. Dakika ya pili na sekunde 51, beti ya mwisho. Nimejaribu kukifuta kikohozi kile kwa kila njia, lakini maiki ilikuwa moja, kwa hiyo kikitoka kinaondoka na silabi ya mzee na noti mbili za gitaa. Nikamwambia tutaurudia. Akasema kliniki yake ni tarehe 14. Chaki sakafuni bado haijafutika, ila mguu mmoja wa kiti nimekuta mtoto ameuchorea jua.